Nakala za Kudumu za Picha za Kikubisti kwa Nyumba za Unguja na Pemba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni fundi wa fremu hapa Mji Mkongwe. Wanaoniletea picha za Picasso, Braque na Juan Gris, wachoraji wa Kikubisti (mtindo wa kuchora kitu kama kinavyoonekana kutoka pande nyingi kwa pamoja), siku hizi si wageni wa hoteli peke yao. Wamo walimu wa skuli, akina mama waliojenga Fuoni na Kwarara, na vijana waliosoma nje wakarudi. Maswali yao yanafanana, nami nimeyajibu mara nyingi kwa mdomo huku nimeshika msumeno. Haya hapa kwa maandishi.

Nakala "ya kudumu" ni ipi? Si kila picha iliyochapwa ni sawa?

Si sawa. Nakala ya kudumu imechapwa juu ya karatasi isiyo na asidi, aghalabu ya pamba tupu, kwa wino wa pigmenti. Karatasi ya kawaida ya mbao hubaki na lignini, kile kitu kinachoigeuza gazeti kuwa la manjano ukiliacha juani wiki moja. Karatasi ya pamba haina hiyo. Kipo kipimo cha kimataifa cha karatasi za kudumu, ISO 9706, kinachotaka karatasi iwe na alkali kidogo na akiba ya chokaa angalau asilimia 2, ili asidi ya hewani ikija ikute kinga.

Tahadhari moja lakini. Maneno "ya kudumu" hayalindwi na sheria yoyote. Muuzaji yeyote anaweza kuyaandika. Muulize karatasi ni ya nini, ina uzito wa gramu ngapi kwa mita ya mraba, na wino ni wa aina gani. Anayejua kazi yake atakujibu kwa sentensi moja: pamba asilimia 100, gramu 300 hivi, pigmenti. Akianza kukusifia picha badala ya kukujibu, mwache.

Nimeona neno "giclée" kwenye tangazo. Ndiyo bora zaidi?

Neno hilo lilibuniwa mwaka 1991 na mchapaji wa Marekani, Jack Duganne, kutokana na kitenzi cha Kifaransa cha kurusha majimaji kwa kasi. Maana yake ni kuchapa kwa mashine inayopuliza vitone vya wino, basi. Inaweza kuwa nzuri, inaweza kuwa mbovu. Hakikisha wino.

Wino wa pigmenti una tofauti gani na ule mwingine?

Pigmenti ni chembe ngumu za rangi zinazokaa juu ya karatasi. Wino wa bei nafuu ni rangi iliyoyeyushwa kwenye maji, kama unavyotia rangi ukili kabla ya kusuka. Unajua yanayoupata mkeka wa rangi ukianikwa juani miezi mitatu: nyekundu ndiyo ya mwanzo kuondoka. Picha nayo hivyo hivyo.

Muuzaji anasema itadumu miaka 100. Nimwamini?

Hesabu hiyo hutoka maabara, picha ikiwa nyuma ya kioo, kwenye mwanga uliopimwa na hewa kavu ya wastani. Kwa kufifia kwa rangi, huenda anasema kweli. Ila picha za kwetu haziuawi na jua kwanza. Zinauawa na unyevu, tena kutoka nyuma.

Hili ndilo ninalotaka mulielewe kuliko yote yaliyomo humu. Ukungu huanza kuota kwenye karatasi hewa ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 65 au 70. Unguja na Pemba hewa hupita kiwango hicho siku nyingi za mwaka, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, ukiacha viatu vya ngozi chini ya kitanda unavikuta vimevaa kanzu ya kijani.

Nakala yangu ya kwanza ilikuwa ya Juan Gris. Niliiagiza nje, karatasi nzuri kabisa ya pamba, nikaridhika. Fremu nikaitengenezesha kwa mtu mmoja kwa haraka, nikaipigilia kwenye ukuta wa upande wa kusi, umebanana na chokaa. Masika yakapita. Mwezi wa sita nikaishusha kufuta vumbi. Kadibodi ya nyuma ilikuwa imelowa kama mkate uliochovywa kwenye chai, inavunjika ukiigusa, na madoa meusi ya duara yameshapenya mpaka kwenye kona ya meza aliyoichora Gris. Mbele haikuonekana kitu. Karatasi ya pamba haikunisaidia, kwa sababu kilichoigusa kwa nyuma kilikuwa kadibodi ya boksi. Tangu hapo mtu akinionesha picha yake, kwanza huigeuza.

Basi nyuma ya picha kuwe na nini?

Kuanzia kwenye picha kwenda nje: kwanza ubao wa karatasi isiyo na asidi. Halafu kizuizi cha unyevu, nacho ni karatasi ya alumini iliyobandikwa plastiki pande zote mbili. Huagizwa, na kipande kimoja kinatosha fremu kadhaa. Kisha ubao mgumu wa kufunikia, wa plastiki ya mabati-mabati kama ile ya mabango ya uchaguzi. Mwisho gundi ya utepe kuzunguka kingo zote ili mdudu na upepo visipite.

Picha yenyewe isibandikwe kwa selotepu wala gundi ya mbao. Hushikiliwa juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano iliyopikwa. Ikining'inia hivyo inaweza kutanuka mvua zikija na kurudi kiangazi. Ukiibandika kote itakunjamana, utaona mawimbi kama pwani ya Nungwi.

Mteja mmoja aliniambia, "Fundi, pesa zote hizo kwa kitu nisichokiona?" Ndiyo, bibie. Ukiwa na kiasi fulani, nusu iende kwenye fremu na mgongo wake. Afadhali nakala ndogo iliyofungwa vizuri kuliko kubwa iliyofungwa kwa boksi la tambi.

Nitajuaje kama ubao niliotumiwa hauna asidi?

Kuna kalamu maalumu ya kupima. Chora mstari mfupi kwenye kona. Ukibaki zambarau, salama. Ukigeuka manjano, una asidi.

Kioo au perspeksi?

Kwa Unguja naweka perspeksi, plastiki ngumu inayoangaza kama kioo, yenye kinga ya miale ya jua, hasa kama picha itasafiri kwa boti. Kioo ni kizuri na hakikwaruziki, ila kikipasuka kinachana karatasi. Chochote utakachochagua, kisiguse picha. Ndiyo kazi ya maunti, ile kadibodi nene inayozunguka picha ndani ya fremu: haikuwekwa kwa urembo tu, inaacha nafasi ya hewa. Picha iliyogusana na kioo, usiku wa baridi ya eyakondisheni na asubuhi ya joto umeme ukikatika, hutoa jasho na kugandamana nacho. Hapo huibandui tena.

Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe na chokaa. Naweza kutundika picha?

Unaweza, ukiufahamu ukuta. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa. Zinapumua, zinanyonya maji kutoka chini na kuyatoa pamoja na chumvi. Pakiwa na unga mweupe au rangi inayovimba na kudondoka, hapo si mahali pa picha, hata ukipaka upya leo. Weka kiganja ukutani asubuhi na mapema. Ukihisi ubaridi wa umajimaji, nenda ukuta mwingine. Kuta za ndani zinazogawa vyumba ni salama kuliko za nje.

Kisha itenganishe picha na ukuta. Bandika vipande vya mpira au koki (ile ya vizibo vya chupa) vya unene wa sentimita moja kwenye kona za chini za nyuma, hewa ipite. Kitu kidogo mno, na kama ningekuwa nimekifanya mwaka ule, Gris wangu angekuwa hai.

Zidaka usizijaze picha za karatasi. Ni nzuri kwa vyombo, lakini hewa yake imesimama.

Fremu ya mbao gani?

Mti usioliwa na mchwa kwa urahisi: mvule, mninga au msaji. Pemba wapo mafundi wanaoutumia mfenesi, una umanjano mzuri unaopendeza na rangi za kahawia za Braque. Msonobari laini wa kutoka nje ni chakula cha mchwa. Upande wa ndani unaokaribia picha upakwe kizuizi, kwa sababu mbao nazo hutoa asidi.

Kubismu ni nini kwa maneno mepesi?

Chukua birika la kahawa. Mchoraji wa zamani angelichora kutoka alipokaa. Mkubisti analizunguka, anaona mdomo kwa mbele, mfuniko kwa juu, mkono kwa ubavuni, kisha anavitandaza vyote kwenye kanvasi moja. Walioanza ni Mhispania Pablo Picasso na Mfaransa Georges Braque, Paris, kati ya 1907 na 1914. Jina lilitokana na mhakiki Louis Vauxcelles, ambaye mwaka 1908 alilalamika kwamba Braque anageuza kila kitu kuwa vijisanduku.

Watu huniuliza kama ni sanaa "yetu" kwa sababu ya vinyago. Picasso aliviona vinyago vya Afrika kwenye jumba la makumbusho la Trocadéro, Paris, mwaka 1907, na nyuso za picha yake *Les Demoiselles d'Avignon* zimebeba alama hiyo. Lakini vingi vya vile vilivyowavutia wachoraji wa Paris vilitoka Afrika Magharibi na ya Kati, si pwani yetu. Tusijivike kilemba kisicho chetu, ila tusisahau vilikotoka.

Sipendi sura za watu nyumbani, hasa chumba tunachosalia. Zipo picha za kunifaa?

Zipo tele, na pengine hakuna mtindo wa Ulaya unaoifaa zaidi nyumba ya namna hiyo. Wakubisti walipenda vitu vya mezani: vyombo, matunda, magazeti, ala za muziki. Unaweza kujaza nyumba bila sura hata moja.

Ila soma jina la picha kabla ya kununua. Bibi mmoja wa Wete alinipigia: "Mwanangu, hii niliyoletewa ina chupa. Chupa ya nini?" Nikatazama jina. Ilikuwa ya Braque ya 1911, yenye zumari la kizungu na chupa ya pombe kali, na herufi za jina la kinywaji zimechorwa waziwazi. Mikahawa ya Paris ndiyo iliyokuwa baraza yao, na chupa, glasi na karata zimo mle kwa wingi. Wengine hawajali. Yeye alijali, akabadilishiwa. Afadhali kuuliza mapema kuliko kuona haya mbele ya wageni.

Unapendekeza ipi kwa ukumbi?

Nyumba iliyo na mtu wa taarab, nampa fidla. Gris, Braque na Picasso walichora fidla tena na tena, na ukikaa nayo kwa muda unaanza kuona jinsi mikunjo ya ubavu inavyojirudia mahali pasipotarajiwa, kama kiitikio. Napenda kufikiri kwamba Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab, ilikuwa imeshaanzishwa hapa Unguja, 1905, wakati wale jamaa kule Paris hawajaanza kuzikatakata fidla zao. *Fidla na Karata Mezani* ya Gris, 1913, iko Metropolitan Museum, New York. Ina karata, nimeshasema.

Kwa nyumba yenye rangi nyeupe tupu, nachagua Gris wa 1915, ile meza yenye kitambaa cha mirabaraba, nayo iko jumba hilo hilo. Ukiitazama kwa mbali, vyombo na zabibu vinajikusanya kuwa kichwa cha ng'ombe dume. Watoto hukiona kabla ya wakubwa. (Kwa hiyo si ya chumba cha asiyetaka hata mnyama.)

Kwa nini nakala za Braque na Picasso za 1910 na 1911 hutoka kijani?

Swali zuri, na hapa wachapaji wengi huanguka. Picha za miaka hiyo ni kahawia, udongo na kijivu juu ya kijivu. Nyekundu ikipotoka kidogo huoni. Kijivu kikipotoka kidogo tu kinakuwa kijani au waridi, na picha nzima inaharibika. Tena kijivu kinaweza kuwa sawa dirishani na kugeuka chini ya taa ya ukumbi. Omba kipande cha majaribio cha ukubwa wa kiganja, ukitazame nyumbani kwako, mchana na usiku, kabla hujakubali kazi nzima.

Jambo jingine lisilorudi kwenye nakala ni mguso. Braque alifunzwa kazi ya kupaka na kupamba nyumba, kama baba yake. Alijua kuiga mishipa ya mbao kwa kitana cha chuma, na alichanganya mchanga kwenye rangi. Nakala ni bapa. Karatasi yenye mkwaruzo kidogo husaidia. Inayong'aa huua kila kitu.

Na ile picha ya Picasso yenye kiti kilichosukwa?

Ya 1912, iko Musée Picasso, Paris. Ndogo, sentimita 29 kwa 37, ya duara la yai, imezungushiwa kamba ya kweli. Mtu akiiona anadhani Picasso alibandika kipande cha kiti. Hapana: ni kitambaa cha mezani cha zama zile, kilichopakwa mafuta, na msuko umechapwa tu juu yake. Yaani yenyewe ndani yake imebeba nakala. Wanawake wa kwetu wanaosuka ukili huisogelea, wanaufuata msuko kwa kidole, kisha wanacheka: hauna mwanzo wala mwisho. Nakala yake bila kamba hupungua sana. Mteja mmoja nilimzungushia kamba ya usumba iliyosokotwa kwa mkono, pembeni mwa fremu, ikapendeza kuliko nilivyotarajia.

Nataka Guernica kubwa, ukuta mzima.

Asili ya picha hii ya Picasso ya watu wanaolia vitani, ya 1937, iliyopo jumba la makumbusho la Reina Sofía, Madrid, ina urefu wa sentimita 349 kwenda juu na 777 kwa upana. Vyumba vya nyumba za zamani hapa vinafuata urefu wa boriti za mikoko, vingi havipiti mita 3 hivi kwa upana. Ukiipunguza iwe na upana wa mita moja, kimo chake ni sentimita 45 tu, na vilio vyote vile vinakuwa vidogo. Mimi huwa nawashauri waiache.

Naweza kupakua faili mwenyewe na kuchapisha hapa?

Kwa baadhi ya picha, ndiyo. Art Institute of Chicago na Metropolitan Museum huruhusu picha za kazi zisizo na hakimiliki zipakuliwe bure kwenye tovuti zao, na kazi za Gris zimo. Angalia pikseli: nakala ya sentimita 60 kwa 80 kwa nukta 300 kila inchi inataka pikseli 7087 kwa 9449. Nusu ya hapo, nukta 150, bado inakubalika ukiitazama kutoka kwenye kochi. Faili uliyotumiwa kwa WhatsApp haifai, imeshabanwa.

Hakimiliki je?

Ulaya haki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha msanii. Juan Gris alifariki 1927, kwa hiyo yuko huru siku nyingi. Robert Delaunay, mchoraji mwingine wa mtindo huu, 1941, vilevile. Fernand Léger, naye wa mtindo huu, alifariki 1955, muda wake umekwisha mwishoni mwa 2025. Braque ni mpaka mwisho wa 2033, Picasso mpaka mwisho wa 2043. Kwa hao wawili nunua nakala zilizochapwa kwa leseni, zenye jina la mwenye haki pembeni. Mimi sichapi wala sifungi nakala ya wizi. Zanzibar ina taasisi yake ya hakimiliki, COSOZA, mbali na ile ya Bara; ukitaka kuchapa za kuuza, waone kwanza.

Ina cheti na namba, "250 tu duniani". Itapanda thamani?

Usinunue kwa tumaini hilo. Nakala ni ya kupendwa ukutani. Cheti kinasema wamechapa ngapi kwa ukubwa ule. Mwakani wanaweza kuchapa kwa ukubwa mwingine.

Isafirishweje mpaka Pemba?

Ikunjwe kwenye bomba la karatasi nene, kipenyo kisipungue sentimita 10, picha upande wa nje, ndani ya plastiki iliyofungwa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Ikiwa imeagizwa nje, weka thamani halisi kwenye fomu ya forodha na uhifadhi risiti. Kwenye boti usikubali iwekwe sitahani. Beba mkononi mpaka Mkoani. Ikifika, iache ndani ya bomba siku nzima izoee hewa ya nyumbani, kisha ifungue juu ya shuka safi, mikono mikavu, na uifunge fremu kiangazi. Ukiifunga katikati ya masika unaufungia unyevu ndani.

Ukungu umeshaota. Nifute kwa kitambaa kibichi?

Hapana! Maji yanaulisha. Ishushe, itoe kwenye fremu nje ya chumba cha kulala, uvae barakoa. Iache mahali pakavu penye upepo na kivuli, feni ikiwa mbali, siku mbili tatu mpaka ukungu uwe unga. Uondoe kwa brashi laini, ukielekea nje ya karatasi. Kadibodi ya zamani ichomwe. Doa jeusi lililoingia kwenye nyuzi halitoki. Lizibe kwa maunti pana zaidi kama liko pembeni. Picha isirudi ukuta ule ule.

Niikague kila baada ya muda gani?

Mara mbili kwa mwaka: masika yakiisha, na vuli ikiisha. Ishushe, igeuze, inuse. Pua huujua ukungu kabla ya jicho.